Breki Hukaguliwa Juu ya Mlima

Hotuba ya asubuhi iliyotolewa redioni
Masomo: 2 Samweli 11 na 12, Zaburi 32

Najua kwamba saa hii wengine wenu mko jikoni mnachemsha chai, wengine mmekwisha kukamua ng'ombe na mnajiandaa kupeleka maziwa, na wengine mmo safarini. Popote ulipo, nakuomba unipe dakika chache. Ikiwa unayo Biblia karibu, fungua 2 Samweli mlango wa 11, kisha uweke kidole penye Zaburi ya 32. Tutafika huko baadaye kidogo. Kwanza tutapanda mlima.

Leo nataka kusema juu ya baiskeli na mteremko. Huenda mtu akasema, "Mzee huyu amekosa neno la kuhubiri." La, ndugu yangu. Bwana wetu alifundisha kwa mbegu, kwa wavu na kwa taa, vitu ambavyo watu walivishika kila siku. Na kwetu sisi, tangu Kitale mpaka Bungoma, ni nani asiyeijua baiskeli? Zile nzito nyeusi tulizoziita Black Mamba zimebeba mahindi yetu, maji yetu, wagonjwa wetu, hata majeneza yetu. Neno boda boda, ambalo siku hizi watu hulitumia kwa pikipiki, lilizaliwa hapa karibu nasi, mpakani Busia, kwa vijana waliovusha watu na mizigo kwa baiskeli. Na wainjilisti wetu wa zamani walipanda baiskeli hizo hizo, Biblia na blanketi zikifungwa pamoja kwenye karia kwa mpira.

Basi, ninaye mtoto wa mdogo wangu, kijana aliyezaliwa upande wa Kimilili, chini ya Mlima Elgon. Kijana huyu anapenda baiskeli kuliko chakula. Lakini hapendi ile ya kubebea mizigo. Anapenda ile ya mlimani, yenye tairi nene za meno, springi mbele na nyuma za kumeza mishtuko, na breki zinazosukumwa na mafuta kama za gari. Siku moja alinitembelea Kitale, akaketi karibu nami, akanionyesha katika simu yake picha za wapanda baiskeli katika milima ya Himalaya. Niliona vijana wakipita katika njia nyembamba kama za mbuzi, upande mmoja ukuta wa jiwe, upande wa pili bonde ambalo sikuuona mwisho wake. Aliniambia kwamba huko Nepal yamekuwapo mashindano yaitwayo Yak Attack, ambayo wapandaji wake wamevuka njia ya juu iitwayo Thorong La, mita 5,416 juu ya bahari. Wapenzi, Mlima Kenya wetu una mita 5,199, na Elgon 4,321. Huko hewa ni nyepesi, theluji ni nyingi, na mahali pengine mtu huibeba baiskeli mgongoni badala ya baiskeli kumbeba yeye.

"Lakini, baba mkubwa," akasema, "ninayoyatamani mimi hasa ni mashindano ya enduro."

Nikamwuliza, "Enduro ni nini tena?"

Akanieleza vizuri, nami nitawaeleza kama nilivyoelewa. Katika enduro njia hugawanywa. Ziko sehemu za kupanda, na ziko sehemu za kushuka. Sehemu za kupanda hazihesabiwi na saa. Kila mtu hupanda kwa mwendo wake, mwingine akikanyaga pedali, mwingine akisukuma kwa mikono, mradi afike juu kabla ya muda aliopewa kwisha. Akichelewa ataadhibiwa, lakini akiwahi hapati zawadi yoyote. Akifika juu husimama, hupumua, hunywa maji, hukagua baiskeli yake. Kisha huanza kushuka, na hapo ndipo saa inapoanza kuhesabu. Mwisho wa siku hujumlishwa muda wa miteremko yote, na mwenye muda mfupi kuliko wote ndiye mshindi. Tena katika mashindano mengi ya namna hiyo, ukiharibikiwa njiani, unatengeneza mwenyewe kwa vyombo ulivyobeba. Tangu mwaka 2013 yamekuwapo mashindano ya enduro ya dunia nzima, mabingwa wakienda nchi hadi nchi.

Nikamwuliza, "Na mtu akianza kushuka na breki mbovu?"

Akacheka. "Baba mkubwa, unapopanda, breki mbovu hazijulikani, kwa sababu huzihitaji. Mtu anaweza kupanda mlima mzima na breki zilizokufa, na watu wakamsifu kwa nguvu zake. Mteremko ndio utakaosema."

Yeye alicheka, lakini mimi sikuweza kucheka. Niliamka nikatoka nje, nikajifanya naangalia kuku. Kwa maana lilikuwapo jambo nililokuwa nimelificha moyoni tangu mwaka 1978, nalo lilikuwa jambo la breki.

Wapenzi wasikilizaji, nitawaambia jambo hilo. Siwaambii ili mnihurumie, wala ili mniogope. Nawaambia kwa sababu najua kwamba wako watu wanaonisikiliza ambao nao wanapanda mlima na breki zilizokufa.

Mwaka ule nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimenunua Black Mamba kwa fedha za kibarua, baiskeli ya pili mkononi. Kazi yangu ilikuwa kupanda mpaka Kapsokwony, kununua viazi na vitunguu kwa wakulima wa huko juu, na kushuka navyo mpaka soko la Kimilili. Ninyi mnaoijua njia ile ya siku zile mnajua jinsi udongo wake mwekundu ulivyoteleza wakati wa mvua. Kupanda, nilisukuma. Kushuka, gunia lilinisukuma mimi.

Breki za baiskeli zile zilikuwa za vyuma, navyo vilivuta raba mbili ndogo zikakaza ukingo wa gurudumu. Raba hizo huisha. Zangu ziliisha. Fundi aliniambia wazi, "Kijana, hizi zimekwisha, usishuke nazo tena." Bei yake ilikuwa shilingi chache tu, nami nilikuwa nazo mfukoni. Lakini siku zile vijana wote walikuwa wakivaa suruali pana miguuni, nami nilikuwa nimeiona moja sokoni. Nikanunua suruali. Raba nikasema zitangoja juma lijalo.

Siku chache baadaye, katika likizo ya Agosti, niliamka na homa. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na mitano, mwanafunzi wa darasa la saba. Alikuwa akijitayarisha kwa mtihani wa CPE mwezi wa Novemba, na mwalimu alikuwa amemwambia baba yetu kwamba mtoto huyu atafika mbali. Alisimama mlangoni akasema, "Kaka, nitakwenda mimi badala yako." Akaishika baiskeli, akauliza, "Breki ziko sawa?"

Wapenzi, swali lilikuwa la maneno matatu. Nilikuwa na nafasi ya kujibu kweli. Lakini ningesema hazifanyi kazi, angeuliza fedha za raba zimekwenda wapi, na suruali ilikuwa imening'inia pale ukutani. Nikajibu, "Ziko sawa. Nenda."

Alipanda vizuri. Alinunua gunia la viazi. Katika kushuka, kwenye kona iliyo juu ya daraja, baiskeli ilimshinda. Watu waliokuwa wakilima karibu walimtoa mtaroni, viazi vimetawanyika, mguu wake wa kulia umevunjika mahali pawili. Alilala hospitali miezi mitatu. Mtihani ulipofanywa, yeye alikuwa kitandani. Mguu ulipona, lakini ulipona ukiwa mfupi kuliko mwenzake. Fedha za karo zilikuwa zimekwisha kwa matibabu, na shuleni hakurudi tena.

Sasa sikilizeni lililo baya zaidi. Baba alipofika hospitali alimwambia, "Nilijua tu. Wewe ni mzembe. Ulikuwa ukishindana na wenzako." Na mdogo wangu, akiwa na maumivu, akajibu, "Pengine nilichelewa kushika breki, baba." Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, miguuni pa kitanda. Sikusema neno. Usiku ule niliirudisha baiskeli nyumbani kwa kuisukuma, nikanunua raba mpya, nikazifunga mwenyewe kabla mtu hajaziona zile kuukuu.

Miaka ikapita. Niliokoka, nikabatizwa, nikaoa, nikahamia Kitale kulima. Kanisa likanichagua kuwa mzee. Nilihubiri katika mikutano, nikasuluhisha ndugu waliogombania mashamba, nikawaambia, "Semeni kweli, kweli itawaweka huru." Watu walinisifu. Nilikuwa napanda mlima, nami nilipanda kwa nguvu.

Baba yetu alifariki mwaka 1994, akiamini kwamba mwanawe mdogo ni mzembe.

Sasa nifungulieni Biblia zenu. Daudi mwana wa Yese alipanda mlima mrefu kuliko sisi sote. Alifukuzwa na Sauli kutoka pori hadi pori. Alilala mapangoni. Sisi tunaoishi chini ya Elgon tunayajua mapango. Watu wa mlima ule walikaa ndani yake zamani pamoja na mifugo yao, na hata leo tembo huingia katika pango la Kitum usiku kukwangua chumvi katika kuta zake. Daudi naye alikaa katika pango la Adulamu, na huko Engedi adui yake aliingia katika pango alimokuwa amejificha, akaweza kumwua, asimwue. Aliona moyo wake ukimchoma kwa sababu tu alikata pindo la vazi la Sauli. Moyo wake ulikuwa mwepesi namna hiyo wakati wa kupanda.

Lakini mlango wa 11 unatuambia habari nyingine. Daudi sasa ni mfalme. Ufalme umetulia. Majira yamefika ambayo wafalme hutoka kwenda vitani, naye amemtuma Yoabu, mwenyewe amebaki Yerusalemu. Jioni anaamka kitandani, anatembea juu ya dari ya jumba lake. Njia imeanza kushuka, wapenzi. Hakuna tena adui nyuma yake, hakuna njaa, hakuna pango. Na hapo ndipo inapoonekana kwamba breki hazishiki. Anamwona mke wa mtu, anamtamani, anamtwaa. Kisha anataka kuficha. Anamwita mumewe, Uria, kutoka vitani. Hila ya kwanza inashindwa, na ya pili inashindwa. Mwisho anaandika barua kwa Yoabu, kwamba Uria awekwe mahali vita ni vikali, aachwe peke yake ili afe. Na barua hiyo aliibeba nani? Aliibeba Uria mwenyewe, kwa mkono wake, kwa uaminifu, asijue kilichomo.

Nilipokuwa nikisoma habari hiyo, siku chache baada ya kijana kunionyesha picha zile za Himalaya, niliweka Biblia chini. Uria alibeba barua asiyoijua. Mdogo wangu alipanda baiskeli asiyoijua. Kila mmoja alimwamini aliyemtuma.

Ndipo Mungu anamtuma nabii Nathani. Nathani hakuja na rungu. Alikuja na hadithi, ya tajiri aliyechukua mwana-kondoo wa maskini. Daudi akakasirika sana juu ya tajiri yule, mpaka Nathani akamwelekezea kidole kwamba mtu huyo ni yeye. Mimi nabii wangu alikuwa kijana mwenye simu mkononi, aliyecheka na kusema kwamba mteremko ndio utakaosema.

Na sasa tazameni Zaburi ya 32. Humo Daudi anashuhudia jinsi alivyokuwa wakati alipofunga kinywa chake. Anasema mifupa yake ilichakaa, akaugua mchana kutwa, mkono wa Mungu ukamlemea, nguvu zake zikakauka kama nchi wakati wa kiangazi. Watu walimwona mfalme, mifupa ilijua. Kisha anasema alimjulisha Bwana dhambi yake, asiifiche, naye Bwana akamsamehe. Je, mmeona? Dhambi aliyoifunika mwenyewe haikumpa raha. Aliyoifunua mbele za Mungu, ndiyo Mungu aliyoifunika.

Lakini, wapenzi, mimi nilikuwa nimekwisha kuungama kwa Mungu mara nyingi, gizani, peke yangu. Nilidhani yatosha. Sikuona kwamba mzigo niliomwekea ndugu yangu ulikuwa bado mgongoni pake, na kwamba ni mimi peke yangu niwezaye kuutua.

Basi ikafika Agosti mwaka 2022. Wengi wenu mnakumbuka habari za Suleiman Kangangi, mpanda baiskeli wa Kenya, kijana wa Eldoret, jirani zetu. Alikuwa amevaa rangi za nchi yetu kwa heshima, akawa wa tatu katika mashindano ya kuizunguka Rwanda mwaka 2017. Alikuwa nahodha wa timu ya Amani, naye aliwafungulia vijana wengi wa Afrika Mashariki njia ya kufuata. Tarehe 27 mwezi huo, katika mashindano ya barabara za changarawe huko Vermont, Marekani, alianguka akiwa katika mwendo wa kasi, akafariki. Alikuwa na miaka 33, akaacha mke na watoto. Simtaji kwa kumlaumu, hasha. Alikuwa fundi wa kazi yake. Namtaja kwa heshima, na kwa sababu habari za kifo chake zilifika Kimilili, nyumbani kwa mdogo wangu.

Kijana alikuwa ameandika jina lake katika mashindano madogo ya kushuka kwenye vilima vya kwetu. Baba yake alimpokonya baiskeli, akaifungia ghalani. Kijana akanipigia simu akilia. Alisema, "Baba amesema, kama bingwa yule ameanguka, wewe mtoto wa mzembe utaponaje? Amesema uzembe umo katika damu yetu, na kwamba mguu wake ni ushahidi."

Wapenzi wasikilizaji, ndipo nilipoona uongo wangu umefika wapi. Nilikuwa nimeupanda kwa ndugu yangu, nao ulikuwa umeanza kuzaa kwa mwanawe.

Asubuhi yake nilipanda matatu Kitale. Tulipita Kiminini, tukafika Kamukuywa, tukakata kwenda Kimilili. Njia nzima nilikuwa nikitafuta maneno mazuri. Nilipofika nilimkuta mdogo wangu akichambua maharagwe kwenye gunia, nyuma ya nyumba. Maneno mazuri yote yakanikimbia. Nikamwambia, "Breki hazikuwa sawa. Fundi aliniambia, nami nilijua. Fedha nilinunulia suruali. Wewe hukuwa mzembe."

Alinyamaza muda mrefu. Mikono yake iliendelea na maharagwe, kisha ikasimama. Akauliza neno moja: "Baba alijua?"

Nikasema, "La. Sikumwambia."

Akasema, "Basi alikufa hivyo." Akanyanyuka, akachukua fimbo yake, akaingia ndani na kufunga mlango. Mke wake alitoka akaniambia kwa adabu, "Shemeji, nadhani leo ni afadhali urudi." Nikarudi Kitale bila hata kikombe cha chai.

Nawaambia jambo hili kwa sababu wahubiri wengine hueleza toba kana kwamba ni soda: unafungua, mapovu yanatoka, unaburudika. Haikuwa hivyo. Mungu alikuwa amenisamehe, nalijua hilo, kwa damu ya Yesu Kristo. Lakini miaka arobaini na minne ya mtu hairudi kwa sentensi nne. Baba yetu sitaweza kumwambia. Shule ile haitarudi. Nilijiuzulu uzee wa kanisa, nikawaeleza wazee wenzangu sababu, nikakaa kwenye viti vya nyuma.

Juma la kwanza likapita, la pili likapita. Juma la tatu, Jumamosi, niliona baiskeli ikiingia uani kwangu. Ni kijana, amepanda ile ya mlimani, vumbi mpaka kwenye nyusi, ametoka Kimilili tangu alfajiri. Nikamwuliza, "Baba yako amekufungulia?"

Akasema, "Amenifungulia, lakini kwa sharti. Amenituma kwako. Amesema, 'Nenda Kitale. Mwambie baba mkubwa akague breki.'"

Wapenzi, sikuweza kuona vizuri kwa muda. Kisha nilipiga magoti pale uani. Breki za siku hizi si kama zangu za zamani. Kijana alinifundisha mahali pa kutazama unene wa vipande vinavyoshika, na jinsi ya kubana mkono wa breki ili kusikia kama mafuta yana hewa. Nilizitazama kana kwamba ni maisha ya mtu, kwa maana ndivyo zilivyokuwa. Kimoja cha nyuma kilikuwa kimekwisha. Tulikwenda mjini, tukanunua kipya, nami nikalipa.

Katika mashindano yale kijana hakuwa wa kwanza, wala wa pili. Alifika salama, akicheka. Mdogo wangu alikuwapo amesimama na fimbo yake penye kona, nami nilisimama kando yake. Hatukuongea mengi. Alisema tu, "Anashika mapema." Nami nikajibu, "Naam, anashika mapema." Na mpaka leo, kabla ya kila mashindano, kijana hupita kwangu kwanza. Bado ana ndoto ya Himalaya. Akienda, baiskeli yake itapita Kitale.

Sasa, wewe unayenisikiliza, nina maneno machache kwako kabla hatujaomba.

Kwanza, usizipime breki zako kwa jinsi unavyopanda. Wakati wa shida sisi sote huomba. Mtoto akiwa mgonjwa tunakesha, mvua ikikosekana tunafunga. Mtu aweza kuonekana mtakatifu sana kwa sababu tu njia ni ya kupanda na hana nguvu za kukimbia. Jiulize hivi: mahindi yakiuzwa vizuri, mshahara ukipanda, watoto wakimaliza shule, nitashika nini? Daudi hakuanguka pangoni. Alianguka juu ya dari ya nyumba yake nzuri.

Pili, kagua ukiwa juu. Yako mahali pa kusimama kabla ya mteremko, na Mungu kwa rehema zake hutupatia mahali hapo. Pengine ni asubuhi hii. Ukiisha kuanza kushuka, muda wa kununua raba umepita.

Tatu, ikiwa umemkabidhi mtu baiskeli mbovu ukamwambia iko sawa, mfuate. Pengine ulimtupia mwenzako kosa la ofisini. Pengine mke wako anajilaumu kwa hasara uliyoifanya wewe. Pengine mtoto wako anaambiwa ni mjinga kwa fedha za karo ulizozinywa. Ungama kwa Mungu, lakini usiishie gizani. Panda matatu. Huenda mlango utafungwa mbele yako. Nenda tu. Hukwenda kwa ajili ya chai. Ulikwenda kumtua ndugu yako mzigo usio wake.

Na wewe uliyevunjika mguu kwa breki za mtu mwingine, nawe umeishi ukijiita mzembe, Bwana anajua ni nani aliyeifunga ile raba usiku. Yeye hakukuita mzembe hata siku moja.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, wewe unaijua njia yetu, ya kupanda na ya kushuka. Twakushukuru kwa Mwanao aliyeubeba mzigo usio wake ili sisi tutuliwe wetu. Utusamehe yale tuliyoyaficha. Utupe ujasiri wa kusimama juu ya mlima na kukagua, kabla hatujaumiza watu waliotuamini. Wawezeshe ndugu waliotengana waonane tena, hata kama watasimama pamoja kimya. Walinde vijana wetu barabarani na mlimani. Uzifariji nyumba zilizopoteza wapendwa wao. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.